Natania hesabu za hasara, mke wangu hajui zimebaki 800

Shangazi, shikamoo. Nilinunua hisa 100 kwa bei ya 20, leo kila moja ni 8. Nyumbani natania kwamba kitu kinachoshuka nusu kwa nusu hakifiki sifuri kamwe, na kwamba bei ikishuka asilimia 50 kisha ikapanda 50, nimerudi palepale. Mke wangu anacheka, ila hajui ni hela ngapi. Sasa nataka kununua 100 nyingine niteremshe wastani wa bei niliyonunulia. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu, na pole sana. Endelea kucheka kama kunakupa usingizi, lakini huo utani wa pili una kosa, na ndilo linalokufanya usubiri. Asilimia hazijumlishwi, huzidishwa: 100 ikishuka asilimia 50 inabaki 50, nayo ikipanda asilimia 50 inafika 75 tu. Wewe umeshuka asilimia 60, hivyo kutoka 8 kurudi 20 bei inatakiwa ipande asilimia 150. Na utani wa kwanza: kampuni ikifilisika, wadai wote hulipwa kwanza, wenye hisa wa mwisho, na mara nyingi hawaambulii kitu. Ndiyo sifuri yenyewe hiyo.

Tuje kwenye wastani. Ukiongeza 100 kwa bei ya 8, wastani unakuwa 14. Moyo unatulia, kumbe bado unahitaji bei ipande asilimia 75, na ikiteremka hadi 4 utakuwa umepoteza 2,000 badala ya 1,600. Soko halijui ulinunua kwa ngapi. Jiulize hivi: ningekuwa na 800 taslimu leo, ningenunua hisa hii? Kama jibu ni hapana, uza, hata kama mkono unatetemeka.

Ukirudi sokoni, ununuzi mmoja usihatarishe zaidi ya asilimia 1 ya mtaji. Kwa 800, hiyo ni 8. Ukinunua kwa 10 na kuweka agizo la kuuza bei ikigusa 9, unahatarisha 1 kwa kila hisa, basi chukua hisa 8, au 6 kwa usalama: soko likifunguka asubuhi bei ikiwa 7, agizo litauza kwa 7 hiyohiyo, na ada ya dalali iko palepale.

Halafu mke wako. Leo usiku, kabla ya utani wowote, andika 2,000 na 800 kwenye karatasi, umpe asome mwenyewe, nawe unyamaze mpaka aseme.