Kaswende haina kelele

Mdogo wangu wa Igoma, unauliza kwa nini kliniki ya wajawazito wakupime kaswende wakati huna kidonda wala muwasho. Ndiyo ilivyo: inaweza kukaa kimya miaka, huku mtoto akiipata humo humo tumboni, mimba ikaharibika au akazaliwa mfu. Kipimo ni tone la damu kidoleni, majibu hayafiki nusu saa. Ikionekana, ni sindano ya penisilini takoni (inauma, nisikudanganye). Utafiti wa hapa hapa Mwanza uliochapishwa 2002 ulionyesha hata dozi moja inamkinga mtoto. Ila usingoje mimba ifike miezi minane. Na shemeji naye atibiwe, hata kama yuko Ukerewe kwenye dagaa, la sivyo atakurudishia.