Minnesota na muswada wa siku za ugonjwa: usiandike barua ya kuacha kazi kwanza

Dada, nimelisoma swali lako lote. Unafanya kazi kwenye kampuni ndogo ya kuhudumia wazee majumbani huko Brooklyn Park, Minnesota, mko wafanyakazi tisa, mwanao ana pumu, na kuna ujumbe wa sauti unaozunguka WhatsApp unaosema Minnesota imefuta siku za ugonjwa zenye malipo kwa kampuni ndogo. Unauliza kama uhamie kazi ya ghalani kwenye kampuni kubwa kabla mambo hayajaharibika. Jibu fupi ni hapana, usihame kwa sababu hiyo. Jibu refu ni hili hapa, tafuta chai kabisa.

Nilipoandika haya, kikao cha 2025, hakuna kilichokuwa kimefutwa. Kilichokuwepo ni miswada iliyoletwa kikao hicho, ya kuwapunguzia waajiri wadogo mzigo wa sheria ya siku za ugonjwa zenye malipo iliyoanza Januari 1, 2024. Kuleta muswada St. Paul, kwenye bunge la jimbo, ni kazi rahisi sana. Wabunge wa jimbo wako 201, yaani 134 kwenye Baraza la Wawakilishi na 67 kwenye Seneti, na kila kipindi cha miaka miwili wanaleta maelfu ya miswada. Mingi haipati hata siku moja ya kujadiliwa kamatini. Ili upite, muswada unahitaji kura 68 upande mmoja na 34 upande wa pili, halafu gavana. Na kikao hicho cha 2025 Wawakilishi walikuwa wamegawanyika 67 kwa 67, Wademokrati na Warepublican, kwa hiyo hakuna chama kilichoweza kupitisha kitu peke yake pale. Walitakiwa kufunga kikao Mei 19. Pima mwenyewe.

Ila sikwambii ulale. Nimeshaona watu wakiumizwa na muswada ambao haujawa sheria, na nimeona pia sheria ikipita usiku wa manane watu wamelala.

Mimi nabeba boksi mbili: siku za wiki nipo kwenye nyumba ya malezi ya watu wenye ulemavu, wikiendi naendesha Uber na Lyft. Mnaoendesha mnaijua ile sehemu ya kusubiria abiria uwanja wa ndege wa Minneapolis–St. Paul (MSP). Pale utakuta Wasomali, Waoromo, Wakenya, sisi Watanzania wachache, na siasa za jimbo zinajadiliwa kuliko mpira. Mei 2023 muswada wa kuweka kiwango cha chini cha malipo ya madereva ulipita mabaraza yote mawili. Watu walishangilia, wengine wakaanza kupiga hesabu za nyumba. Siku chache baadaye, Mei 25, Gavana Walz akaukataa kwa kura yake ya turufu, ya kwanza tangu aingie madarakani. Kila mtu pale alidhani "umepita bungeni" maana yake hela imeshaingia.

Mwaka uliofuata Baraza la Jiji la Minneapolis likaamua kutunga kanuni yake ya malipo ya madereva: dola 1.40 kwa maili na senti 51 kwa dakika. Meya akakataa, madiwani wakampiku. Kampuni zote mbili zikatangaza zitaondoka Mei 1, kisha tarehe ikasogezwa hadi Julai 1. Hapo ndipo taharuki ilipoanza. Mkenya mmoja ninayemheshimu sana aliuza Toyota Sienna yake kwa hasara mwezi Aprili, akisema heri hasara ya leo. Kampuni hazikuondoka. Usiku wa mwisho wa kikao, Mei 19, 2024, jimbo likapitisha kiwango chake ndani ya muswada mmoja wenye kurasa zaidi ya 1,400, huku wabunge wakipigiana kelele saa sita usiku ikikaribia: dola 1.28 kwa maili, senti 31 kwa dakika, na kanuni ya jiji ikafa hapohapo, kwa sababu sheria ya jimbo ilisema miji isiweke viwango vyake.

Fanya hesabu ya safari ya maili 10 na dakika 20. Kwa kanuni ya jiji dereva angepata dola 24.20. Kwa sheria ya jimbo ni dola 19. Ni hela nyingine kabisa, na mjadala wote tuliokuwa tukiufanya pale maegeshoni ulikuwa juu ya namba ambazo hazikuwahi kulipwa hata siku moja. Sisemi ile ya jimbo ni mbaya. Ndani yake kuna bima ya ajali kazini na njia ya kukata rufaa ukifungiwa akaunti, vitu ambavyo hatukuwa navyo. Nasema tu kwamba aliyepanga maisha kwa toleo la kwanza alipanga kwa karatasi ya kufungia maandazi.

Sasa rudi kwenye muswada wako. Mtu akikutumia sauti, muombe namba. Kila muswada una namba inayoanza na HF kwa Wawakilishi au SF kwa Seneti, na mara nyingi ni pacha, mmoja kila upande. Asiye na namba hana habari. Ukiipata, ingia tovuti ya bunge la jimbo uufungue mwenyewe. Kiingereza chake kinachosha, lakini kuna kitu kimoja kinachosaidia sana: maneno mapya yamepigiwa mstari chini, na yanayoondolewa yamekatwa kwa mstari katikati. Unaweza kuruka kurasa nzima ukasoma hayo tu. Angalia pia tarehe ya toleo, maana kamati zina mtindo wa kufuta maandishi yote ya muswada na kuweka mengine chini ya namba ileile. Ulichosoma Februari kinaweza kuwa kitu kingine kabisa Aprili.

Ukisikia muswada "umewekwa kando" na kamati, usidhani umekufa. Mara nyingi wameuweka kiporo ili waje wauingize kwenye ile miswada mikubwa ya mwisho wa kikao, kama ule wa kurasa 1,400. Mimi huu ndio naouogopa kuliko kelele za Januari.

Ndani ya muswada wako tafuta nani anahesabiwa kuwa mwajiri mdogo. Ni watano? Kumi na tano? Thelathini? Ninyi mko tisa, kwa hiyo namba hiyo peke yake ndiyo inayoamua kama habari hii inakuhusu. Tafuta pia kama unaondoa haki yenyewe au unaondoa malipo tu, yaani unaruhusiwa kukaa na mtoto lakini bila hela. Halafu uone unaanza lini. Sheria ya Minnesota isiyotaja tarehe huanza kutumika Agosti 1, na za kutenga fedha Julai 1. Na mwisho uone unasemaje kuhusu miji. Minneapolis na St. Paul zilikuwa na kanuni zao za siku za ugonjwa tangu 2017, kabla jimbo halijaamka. Kama baadhi ya wateja wako wako Minneapolis, huenda saa unazofanya kule zikabaki salama hata jimbo likilegeza, isipokuwa muswada uwe umeifunga miji mikono kama ulivyofanya ule wetu wa madereva.

Na ujue unacholinda, maana wengi kwenye uzi huu wanasema "siku mbili tatu za kuumwa" kama vile ni hela ya soda. Unakusanya saa moja kwa kila saa 30 unazofanya, hadi saa 48 kwa mwaka. Hata wa muda nusu wamo, ilimradi ufanye kazi angalau saa 80 kwa mwaka ndani ya jimbo. Mtu wa saa 24 kwa wiki anamaliza mwaka na saa 41 na ushee. Kwa dola 20 kwa saa ni zaidi ya dola 800. Pumu ya mtoto imo, miadi ya daktari imo, shule kufungwa kwa sababu ya theluji imo. Familia kwenye sheria hii imechorwa kwa upana ambao hata mimi ulinishangaza: shangazi, mjomba, bibi, wapwa, hata mtu mmoja unayemtaja mwenyewe kila mwaka. Tangu marekebisho ya 2024 hata mazishi yamo. Nani kati yetu hajawahi kubembeleza bosi amruhusu aende msibani?

Usiichanganye na ile likizo ndefu ya kulipwa iliyoanza Januari 1, 2026. Hiyo ni mfuko wa jimbo, una makato: asilimia 0.88 ya mshahara kwa mwaka 2026, mwajiri analipa angalau nusu. Kwa mshahara wa dola 1,600 kwa wiki mbili, wewe hukatwi zaidi ya dola 7 na senti 4. Ilipopitishwa 2023 kiwango kilikuwa asilimia 0.7, wakakipandisha 2024 kabla haijaanza. Nadhani sauti unayosambaziwa imezikoroga hizi mbili.

Ukitaka kusema neno lako, huhitaji uraia kwenda kamatini. Unamwandikia msimamizi wa kamati, unapewa dakika mbili hivi, au unatuma barua. Ila kumbuka vikao vinarekodiwa na barua zinawekwa wazi na jina lako, kwa hiyo mwenye makaratasi yasiyokaa sawa ajipime, au awaachie wenzake waseme. Kudai siku zako kazini ni jambo jingine: sheria inamkataza mwajiri kukutishia kwa habari za uhamiaji eti kwa sababu umedai haki hiyo, na wanaoisimamia ni idara ya kazi ya jimbo.

Kuna jambo moja hujalisema, na ndilo ningeanza nalo. Mwisho wa mwaka bosi wako anakupa karatasi gani ya kodi: W-2, ya mwajiriwa, au 1099, ya mkandarasi? Kampuni nyingi ndogo za kuhudumia wazee zinawalipa watu kwa 1099, kama wakandarasi wa kujitegemea, na mkandarasi hamo kwenye sheria hii tangu siku ya kwanza. Mimi mwenyewe siku zangu za ugonjwa zinatoka kwenye nyumba ya malezi tu; Uber hainikusanyii hata dakika. Kama wewe unapangiwa shifti, unapangiwa mteja, na unapewa saa ya kuingia na kutoka, halafu bado unapewa 1099, tatizo lako lipo leo na halisubiri muswada wowote. Tangu Julai 2024 jimbo linaweza kumtoza mwajiri hadi dola 10,000 kwa kila kosa la kumwita mfanyakazi mkandarasi. Kama ni W-2, muombe bosi akuonyeshe saa ulizokusanya na ulizotumia, maana analazimika kukupa hesabu hiyo kila mwisho wa kipindi cha malipo. Angalia hiyo karatasi kwanza, halafu rudi hapa na namba ya muswada tuusome pamoja.