Kabla ya Kugombea, Hesabu Madeni Yako na Wadhamini Wako

Anayejiandaa kugombea kiti Kenya mwaka 2027 huulizwa chama chake ni kipi na ana pesa kiasi gani. Ni vyema kwanza ajibu maswali mengine: nadaiwa na nani, kiasi gani, na ni nani aliyetia saini kunidhamini?

Sheria yenyewe ni fupi. Ibara ya 99(2)(f) ya Katiba ya 2010 inamzuia kuchaguliwa mbunge mtu aliyetangazwa muflisi na mahakama na bado hajaondolewa ufilisi huo. Ibara ya 193 inasema hivyo hivyo kwa wawakilishi wadi. Gavana lazima awe na sifa za mwakilishi wadi na Rais awe na sifa za mbunge, kwa hiyo kizuizi kinapanda ngazi zote. Mbunge aliyekwisha kuchaguliwa naye akitangazwa muflisi hupoteza kiti kwa Ibara ya 103. Kizuizi hakimshiki mtu mpaka nafasi zote za rufaa ziishe.

Lakini kudaiwa si kuwa muflisi. Madalali wanaweza kubisha mlangoni, jina likawa CRB (kampuni zinazotunza kumbukumbu za wakopaji), mkopo wa sacco ukawa haujalipwa miezi minane, na bado Katiba isikuguse. Mpaka mahakama itamke. Hapa pana jambo zito: anayekwenda mahakamani mwenyewe na kueleza hali yake bila kuficha ndiye anayefungiwa mlango, na anayekwepa wadai huku akibadilisha laini za simu anapita. Kwa hiyo cheti cha kutokuwa muflisi hakimwambii mpiga kura chochote kuhusu uaminifu wa mtu. Mpiga kura lazima aulize zaidi.

Ukiwa umekwama kweli, Sheria ya Ufilisi ya 2015 ina njia kadhaa, na watu wengi wanaijua moja tu. Mdai anaweza kukuandikia notisi rasmi ya kudai. Unapewa siku 21, na ukinyamaza anapata msingi wa kuiomba mahakama ikutangaze muflisi. Unaweza pia kuomba mwenyewe. Vyovyote iwavyo, utamjazia Mpokeaji Rasmi, yaani afisa wa serikali anayesimamia ufilisi, taarifa ya hali yako ya kifedha: mali, madeni, mapato, matumizi. Ufilisi huisha wenyewe miaka 3 baada ya taarifa hiyo kuwasilishwa, ikiwa hakuna aliyepinga. Kosa la kawaida linatokea hapa. Mtu hutangazwa muflisi, kisha kwa aibu anakaa na fomu mwaka mzima, akidhani siku zinahesabika tangu siku ya mahakama. Hazijaanza kuhesabika. Uchaguzi ni Agosti 10, 2027, kwa hiyo piga hesabu kuanzia tarehe ya fomu.

Kwa asiye na mali ya kuuzwa, upo utaratibu wa mdaiwa asiye na mali. Jumla ya madeni iwe kati ya shilingi 100,000 na 4,000,000, uwe huna uwezo wa kulipa, na uwe hujawahi kuutumia wala kuwa muflisi. Baada ya miezi 12 madeni yaliyomo yanafutwa. Kuna pia amri ya kulipa kwa awamu, na makubaliano ya hiari na wadai chini ya msimamizi mwenye leseni. Njia hizi zimewekwa badala ya ufilisi, kwa hiyo anayezitumia hajatangazwa muflisi. Kinachoziharibu ni shamba lililoandikwa jina la mama au pikipiki iliyo kwa shemeji. Likigundulika, utaratibu unasitishwa na madeni yanarudi.

Linalotuuma zaidi ni harambee. Mtu anadaiwa milioni tatu, Jumapili anasimama kanisani na kutoa laki moja kwa ajili ya paa, watu wanapiga makofi. Laki hiyo ni ya nani? Ni ya mwenye duka la vifaa aliyemkopesha saruji, na ya mwalimu aliyemdhamini. Sheria nayo inaona hivyo: zawadi iliyotolewa na mtu ndani ya miaka 2 kabla ya kutangazwa muflisi inaweza kubatilishwa, na ya kati ya miaka 2 na 5 pia, ikiwa alipoitoa hakuweza kulipa madeni yaliyokuwa yameiva. Kamati ya kanisa au msikiti ina haki ya kumwambia mgeni wa heshima, kwa adabu na kando, amalize kwanza na wanaomdai. Ukarimu wa pesa za mtu mwingine si ukarimu.

Halafu wadhamini. Ufilisi ukiisha, aliyekopa anafunguliwa, ila mdhamini hafunguliwi. Sacco hukata kwanza akiba ya mkopaji, isipotosha inageukia akiba za waliotia saini. Hapo ndipo ule msemo wa dawa ya deni ni kulipa unapokuwa na uzito wake wote, maana usipolipa wewe atalipa jirani. Kurani (2:280) inaagiza mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda mpaka apate wepesi, tena kumsamehe ni bora zaidi. Huruma hiyo ni ya mdai kuitoa. Mwenye uwezo wa kulipa hawezi kujipa huruma hiyo mwenyewe huku gari la kampeni likijazwa mafuta. Na deni lililopatikana kwa ulaghai halifutwi na ufilisi; matunzo ya mtoto yaliyoamriwa na mahakama nayo yanabaki.

Kwa anayetaka kukopa ili agombee, hesabu ni hii. Kipindi cha uongozi ni miezi 60. Milioni 6 kwa riba ya asilimia 14 kwa mwaka, kwa salio linalopungua, ni takriban shilingi 139,600 kila mwezi kwa miezi yote 60, na hiyo ni kama utashinda. Linganisha na mshahara wa kiti hicho uliochapishwa na SRC, tume inayopanga mishahara ya viongozi wa umma, baada ya kodi na makato. Pengo likibaki, litazibwa na mtu, na mara nyingi ni mkandarasi ambaye mwaka wa kwanza haombi chochote. Mwaka wa pili analeta zabuni.

Ukishindwa je? Kabla ya kutia saini, andika karatasi moja: kila mdai, kiasi, riba, tarehe ya mwisho, na mdhamini wake. Pembeni andika kitu gani kitauzwa ukishindwa, na thamani yake leo, si ile unayoitamani. Shamba la urithi lisilo na hati usiliandike. Kisha waite wadhamini nyumbani, mwenzi wako akiwepo, uwasomee karatasi yote. Wakitaka kujitoa, uliza sacco ni mdhamini gani mwingine au akiba ipi itachukua nafasi yao, na ufanye hivyo kabla ya kulipia fomu ya mchujo wa chama.