Samia Scholarship: daraja la kwanza peke yake halitoshi

Dada, umeuliza kama kijana wako wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) mwenye daraja la kwanza atapata Samia Scholarship. Si lazima. Ufadhili huo ulioanza 2022/2023 ni wa waliofaulu juu kabisa kidato cha sita kwa masomo ya sayansi. Wizara ya Elimu hutoa majina, ndipo aombe kupitia mfumo wa HESLB, yaani bodi ya mikopo. Jina lisipokuwemo, aombe mkopo, ila huo akiajiriwa atakatwa 15% ya mshahara. Ahakiki cheti cha kuzaliwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi, sasa hivi. Dirisha la maombi likishafunguliwa, stationari za Nyegezi, Mwanza, foleni hutoka hadi barazani. Akiupata ufadhili, akaze: ufaulu hupimwa, na sapu (mitihani ya kurudia) si za kuchezea. Akitaka kubadili kozi, apite kwanza ofisi ya mikopo chuoni.