Barua kwa mwanangu, kuhusu wale wanawake wa kwenye matangazo

Marahaba mwanangu. Umeniuliza eti haya makampuni ya nguo ambayo sa hivi yanaweka wanawake wanene, wenye michirizi, wenye ulemavu, wenye mvi, yanatupenda kweli au yanatafuta hela tu. Yanatafuta hela mama, na hilo lisikunyime usingizi, tangu lini tangazo likawa na huruma. Mi kama fundi cherehani najiuliza kitu kingine, ile nguo aliyovaa yule dada mnene, dukani ipo kwa saizi yake?

Manake mara nyingi haipo. Nguo nyingi za kiwandani zinaanza na sampuli moja ya mwili mwembamba, afu saizi zingine zinapatikana kwa kuongeza sentimita kidogo kidogo, na huo mchezo unafika mahali unagoma, mtu akinenepa mabega hayapanuki sawa na hipsi, tumbo linakuja mbele, mkono wa juu unajaa, kwa hiyo inabidi uchore upya kabisa na umjaribishie mtu mnene mwenyewe, na hiyo gharama wengi wanaikwepa. Kumpiga picha modo mmoja mnene ni rahisi zaidi. Tena wengine hao mamodo wanawekewa sponji kwenye hipsi na makalio ili wajae panapotakiwa tu, yani hata unene nao unachaguliwa! Na nyuma ya gauni kuna pini na vibanio ambavyo wewe huvioni, unasimama kwenye kioo cha dukani unalilaumu tumbo lako.

Dove, wale wa sabuni na mafuta ya ngozi, walipoanza ile kampeni yao ya urembo halisi mwaka 2004, waliweka wanawake wa kawaida, maumbo tofauti, na nguo zao nyeupe za ndani, watu wakafurahi na mi nilifurahi sikatai. Unajua walikuwa wanauza nini? Krimu ya kukaza ngozi. Unaambiwa uko sawa hivohivo, afu unauziwa dawa ya hapohapo ulipoambiwa uko sawa.

Ila sisemi yote ni uongo. 2014 Aerie, kampuni ya Marekani ya nguo za ndani, waliacha kuwarekebisha mamodo wao kwenye kompyuta, 2016 Ashley Graham, modo mnene wa Marekani, akatokea kwenye kava la jarida la michezo la Sports Illustrated, toleo la nguo za kuogelea, na binti aliyekua anaona mwili wa aina moja tu lazima hicho kitu kimguse. Lakini mi iliyonifurahisha zaidi ni sheria ya Ufaransa, tangu 2017 picha ya biashara ambayo mwili wa modo umepunguzwa au kuongezwa kwa kompyuta lazima iandikwe kwamba imerekebishwa, na modo awe na cheti cha daktari. Kampeni inaisha na msimu wake, sheria mtu akiivunja anapigwa faini.

Na huko kuambiwa kila siku upende mwili wako, kama siku hiyo huupendi basi achana nao, uvalishe uende zako kazini, kupenda sio zamu.

Lile gauni lililokubana kifuani usilirudishe, nitumie vipimo nione kama kuna kitambaa cha ziada kwenye mishono. Kifua, kiuno, hipsi, na pima ukiwa umevaa sidiria unayoivaa siku zote. Na usibane tumbo, nakujua.