Neno "appalling" kwa nyie mnaoanza kuandika ripoti

Ndugu zangu mliotoka Kongo mkapata kazi hapa Uganda ya kutafsiri au kuandika ripoti za mashirika, iwe kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyangwali au Kampala, mnajua Kiingereza ndo lugha ya ofisi huku, na kuna neno moja nawaomba mlishike mapema: appalling. Linatamkwa apoling, mkazo kwenye po, maana yake kitu kibaya mpaka kinashtua. Asili yake ni Kifaransa cha zamani, apalir, yaani kupauka, kwa hiyo nyie mliosoma Kifaransa mkikumbuka pâle hamtalisahau, ni ubaya wa kumtoa mtu rangi usoni.

Pale watu wanapokwama sana ni appalling na appalled. Appalling ni kile kitu, appalled ni mtu aliyeshtuka. Ukiandika "I was appalling" umesema wewe ndo ulikuwa wa hovyo kabisa, wakati ulitaka kusema hali ya vyoo imekushtua, na kompyuta haitakuwekea mstari mwekundu maana gramari iko sawa. Andika "I was appalled by the latrines", au at badala ya by, zote sawa. Halafu very usiiweke mbele yake, neno lenyewe lina ukali wa kutosha, ukitaka kukazia weka absolutely au truly.

Waingereza wenyewe utawasikia wakilitumia hata kwa mvua au chakula, appalling weather, kwenye maongezi haina shida. Ila kwenye ripoti mimi nasema libanieni. Bomba limeharibika siku mbili tatu, bad inatosha. Watoto wanakunywa maji ya dimbwi wanalonyweshea ng'ombe, hapo ndo appalling conditions, na hata hapo tanguliza ulichokiona, familia ngapi, umbali gani mpaka kwenye maji safi, tangu lini, maana anayetoa pesa yuko mbali na neno peke yake halimwonyeshi kitu.

Na kwa watafsiri, tafadhali sana, mama akikwambia "maisha hapa ni magumu" usimpandishie kuwa appalling, andika difficult kama alivyosema. Kama we mwenyewe umeona hali inatisha, weka kwenye sehemu ya maoni ya mwandishi, kwa jina lako.