Muulize Fundi: Moduli za miksa ya zamani zinanguruma ikifika jioni

SWALI: Shikamoo fundi. Mi niko Nkuhungu, Dodoma, nina studio ndogo. Kanisa moja lilihamia miksa ya kidijitali, ile ya zamani ikabaki stoo, nikaomba wakanipa. Nikachomoa moduli nne za chaneli nikazifunga kwenye raki nizitumie kama priampu (vikuza sauti vya mwanzo vya maiki) za kurekodia zeze na ilimba. Pawa saplai nimejenga mwenyewe, transfoma 15-0-15, regyuleta (vidhibiti volti) LM317 na LM337, volti 17 chanya na 17 hasi kama ilivyoandikwa kwenye bodi, kapasita za maikrofaradi 2,200. Pia nilitoa aisii (chipu za kukuza sauti) za TL072, ziko sita kila moduli, nikaweka NE5532 maana niliambiwa ni bora. Sasa asubuhi hazina mngurumo kabisa ila ikifika saa moja usiku zinanguruma zote nne, na nobu za ikwalaiza zinakwaruza kila nikizungusha, spreyi nimepiga mpaka kopo limeisha. Waya nimebadilisha, kapasita nimebadilisha, bado. Nisaidie.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza umefanya vizuri sana kuziokoa hizo moduli, nyingi zinaishia kwa wanunua skrepa zikiwa bado nzima, inauma. Na ilimba sauti yake ni ndogo, inataka priampu yenye gaini ya kutosha na isiyo na kelele, kwa hiyo tulimalize hili.

Kabla hujashika bisibisi shika gitaa la besi. Piga waya wa G, ule mwembamba, bila kubonyeza popote. Huo unatoa kama hezi 98. Ukiona mngurumo wako uko karibu kabisa na sauti hiyo, basi ni hezi 100, na hezi 100 inatoka kwenye daraja la dayodi, zile dayodi nne zinazogeuza AC kuwa DC, yaani umeme haujanyooshwa vizuri. Mngurumo ukiwa chini zaidi, kama waya wa E ukibonyeza freti ya tatu, hiyo ni hezi 50, hapo ndo utafute transfoma iliyokaa karibu na bodi au ethi zilizojizungusha, yaani zimeunganishwa kwa njia zaidi ya moja zikafanya duara. Kwa maelezo yako mi naamini ni hezi 100, na nitakuonyesha kwa hesabu.

Transfoma ya volti 15 ukiipitisha kwenye daraja unapata kilele cha 15 mara 1.414, toa 0.7 inayoliwa na dayodi moja ya kila upande, inabaki kama 20.5. Hiyo ni kama ukutani kuna 230 kamili. Sasa jioni watu wamerudi, mapasi, majiko, feni, umeme unashuka, ikifika 200 tu kilele chako kinakuwa 17.7 na hapo regyuleta unaidai itoe 17 wakati yenyewe inahitaji ziada ya volti 2 hivi ili ifanye kazi, haiwezi, inaachia mawimbi yote, ule mtikisiko wa hezi 100, yapite kwenda kwenye moduli. Asubuhi umeme uko juu ndo maana unaona safi, lakini hata hiyo asubuhi ulikuwa umesimama ukingoni.

Na aliyekusukuma zaidi pale ukingoni ni hizo NE5532. TL072 moja inakula kama miliampea 3, NE5532 inakula kama 8. Aisii 24 za mwanzo zilikuwa zinataka miliampea 70 hivi, sasa zinataka kama 190. Mzigo ukipanda hivyo, kwa kapasita ya 2,200 mawimbi yanatoka volti 0.3 hadi karibu 0.9, kwa hiyo kile kilele cha 20.5 kwenye mabonde yake ni 19.6 tu. Wewe umebadilisha kapasita kwa kapasita ya ukubwa uleule, haiwezi kusaidia.

Kuhakikisha, ikianza kunguruma weka mita kwenye volti za DC, pima mguu wa kuingia wa LM317 kisha wa kutoka. Tofauti ikiwa chini ya volti 2 umeshajua. Usisahau na upande wa hasi, LM337.

Dawa yake ni transfoma ya 18-0-18, ampea 1 inatosha kabisa. Hapo hata umeme ukishuka 200 bado mabondeni una karibu 20.5. Regyuleta zitapata moto kidogo umeme ukiwa mzuri, zifunge kwenye hitisinki, na hapa tafadhali uwe makini: bati la mgongoni la LM317 limeungana na mguu wa kutoka, la LM337 limeungana na mguu wa kuingia. Ukizifunga zote kwenye hitisinki moja bila karatasi ya maika na vile vibushi vya skrubu, unapiga shoti. Funga, halafu pima kwa mlio wa mita kati ya bati na hitisinki kabla hujawasha.

Kukwaruza nako usiendelee kununua spreyi. NE5532 inavuta mkondo mdogo kwenye miguu yake ya kuingilia, kama nanoampea 200, wakati TL072 inavuta kidogo mno, pikoampea. Kwenye ikwalaiza yenye poto (rezista ya kuzungusha iliyo chini ya nobu) ya ohmu laki moja hizo nanoampea 200 zinazaa volti 0.02 za DC juu ya poto, na poto yenye DC lazima ikwaruze hata ikiwa mpya. Rudisha TL072 kwenye ikwalaiza zote. Hizo NE5532 ni nzuri kwa kazi yake, hatua ya maiki na ya kutoa, ila mtengenezaji alipoweka TL072 karibu na poto alikuwa na sababu na mi namheshimu kwa hilo. Ukirudisha na bado poto moja inakwaruza, pima DC kwenye mguu wake wa kati, ukiikuta, kapasita iliyo kabla yake inavuja.

SWALI: Fundi, niko Kondoa. Nina moduli mbili hazina jina wala mchoro. Nitajuaje umeme unaingilia pini ipi?

JIBU: Usibahatishe ndugu yangu. Tafuta aisii ya miguu minane aina ya TL072 au NE5532: mguu wa 8 ni chanya, wa 4 ni hasi. Kama ni za opampu (kikuza sauti) moja ndani badala ya mbili, TL071 au NE5534, chanya ni mguu wa 7. Weka mita kwenye mlio, ncha moja kwenye mguu huo, nyingine ipitishe kwenye kiunganishi cha nyuma pini moja moja mpaka ilie, na isipolia jaribu kwenye ohmu maana huwa kuna rezista ndogo njiani. Ethi anzia pini ya 1 ya XLR. Fantomu ya volti 48, ule umeme wa kulisha maiki za kondensa, utaikuta kwenye rezista mbili za ohmu 6,800 zinazotoka pini ya 2 na ya 3, pale zinapokutana. Ukiona hamna aisii, ni transista na transfoma za sauti tupu, simama kwanza, nyingine kama Neve 1073 zinatumia volti 24 ya upande mmoja, hazina hasi.

SWALI: Transfoma ya umeme naweza kuifunga humohumo kwenye raki na moduli? Manyoni.

JIBU: Iweke kwenye boksi lake la chuma, pembeni, mita moja hivi, DC ndo ije kwa kebo. Boksi zote mbili zifungwe waya wa ethi ya ukutani kwenye bati lenyewe, na fyuzi iwe kwenye waya wa moto kabla ya swichi.